Jaifar Hakuwa Mvivu

Darsait, Maskat
14 Novemba 1999

Mpendwa Shaikha, binti wa mjomba wangu,

Assalaam alaykum. U hali gani, na shemeji, na watoto? Goti la mjomba limepungua kuvimba? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila nyumba imepoa tangu mama atutoke. Rambirambi zenu kutoka Wete zilitufika, Mola akulipeni kheri.

Nna jambo sikuweza kukwambia kwenye simu. Siku ya maziko, ndugu yangu Jaifar alipopokea jeneza la mama begani, hakufika hatua kumi. Magoti yalimlegea akaanguka, na watu wakaliwahi jeneza lisiende chini. Mimi sikuwapo, mume wangu Thabit ndiye aliyenihadithia. Ami Marhoon akamwambia mbele ya watu wote, "Hata mamako humuwezi?"

Jaifar akarudi akajifungia chumbani.

Wewe unajua tulivyokuwa tukimwita mvivu tangu utotoni. Mimi nikimcheka kuliko wote. Tunakaa ghorofa ya tatu na lifti hatuna, yeye hupumzika kila kituo cha ngazi, na mimi juu nikimpigia kelele, "Harakisha, babu!" Mtu wa miaka thelathini na nne, Shaikha.

Ilipokwisha arubaini nikampeleka hospitali. Walimkata kinyama kidogo cha paja wakakitazama kwa hadubini. Baada ya wiki tatu Dokta Wadha akatuita. Naye kazaliwa Unguja, akatueleza kwa Kiswahili chetu.

Alisema misuli ina nyuzi za namna mbili. Ziko za polepole, hazichoki upesi, ndizo zinazotuweka wima na kututembeza. Ziko na za haraka, zenye nguvu za ghafla, za kukimbilia, kupandia ngazi na kunyanyulia mzigo, lakini huchoka mara moja. Jaifar karibu zote ni za polepole, tena nyembamba. Ndiyo maana huweza kwenda Ruwi kwa miguu taratibu na kurudi, lakini ngazi zikamshinda.

Nikamuuliza kama picha ile ya hadubini ndiyo inayoonesha nguvu zake zimebaki ngapi. Akasema hapana, wagonjwa wawili huweza kuwa na picha sawa na mmoja akamzidi mwenziwe nguvu. Nguvu hupimwa kwa mtu mwenyewe.

Mwisho Jaifar akauliza, "Kwa hivo si uvivu?"

"Uvivu gani, ndugu yangu?" daktari akamjibu. "Umeumwa tangu kuzaliwa, na kazini unakwenda kila siku."

Jaifar akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Ndani ya gari nikamtaka radhi. Akanambia, "Nipe muda, Muhsina." Ana haki.

Ijumaa iliyofuata Ami Marhoon, aliposikia habari, alikuja mwenyewe. Alikaa karibu na Jaifar, kamshika mkono, hata kahawa hakuigusa.

Dawa ya kuponya hakuna. Kapewa mazoezi mepesi, na mwezi ujao tunahamia Sib, nyumba ya chini isiyo na ngazi.

Sasa mwanao Malak. Uliniandikia kuwa mwalimu humchapa kwa kuwa wa mwisho mbioni, na wewe humgombeza kwa kujishika mapaja akiinuka mkekani. Jaifar huinuka vivo hivo. Daktari kasema maradhi haya huweza kupita katika ukoo. Huenda mtoto hana kitu, inshallah, lakini nakuomba usimgombeze tena, na kesho nenda skuli ukamwambie mwalimu asimguse.

Nilimsomea Jaifar barua yako. Akasema, "Mwandikie amlete. Nitakwenda naye mimi kwa daktari, asiingie peke yake."

Nisalimie mjomba, shemeji na mwanao Awadh, na Malak mbusu kwa niaba yetu. Mungu akulindieni watoto na akupeni subira.

Nduguyo akupendaye siku zote,
Muhsina