Thelathini na Nane kwa Shuti Lako

Mwanangu Niwaeli,

Simu yako haipatikani tangu uondoke, kwa hiyo nakuandikia hadharani. Huenda aliye karibu nawe akakusomea.

Unaukumbuka uwanja wetu wa Vudee? Huku migomba, kule korongo. Sheria ilikuwa moja: aliyepiga ndiye anayeshuka kuufuata mpira, na hadi apande, mechi imekwisha. Ndiyo maana vijana wa milimani hampigi mashuti, mnapasiana hadi golini. Nilikuona ukimpita beki, ukampita kipa, kisha ukausukuma mpira mstarini taratibu, kama unamlaza mtoto.

Tuliposhuka Same kwenye majaribio, msaka vipaji alikupa A ya pasi, A ya chenga, D ya shuti. Nikamweleza habari ya korongo. "Mzee," akasema, "mimi naandika ninachokiona."

Huyo nilimsamehe. Ninaowalaani ni waliochukua herufi zake wakazigeuza kuwa namba za wachezaji kwenye gemu yao ya soka ya kompyuta. D ikawa thelathini na nane kwa mia. Alasiri moja ya vumbi ikageuzwa kuwa wewe mzima. Nimesoma habari za wakoloni waliopima vichwa vya watu kwa rula. Hawa wana kompyuta, tofauti nyingine siioni.

Ulifurahi jina lako kuwemo. Ukaniburuta hadi banda la gemu pale stendi nikalione. Kijana aliyekuwa akicheza hakujua umesimama nyuma yake. "Mtoe huyo Niwaeli, mzigo," akamwambia mwenzake. "Akalime tangawizi kwao." Ukacheka pamoja nao. Njiani ukaniambia, "Baba, labda wananijua kuliko ninavyojijua."

Asubuhi tulikuta viatu vyako vya mpira mlangoni, wewe hupo.

Mama yako hafungi tena komeo. Mimi nimegombana na kila mtu: wenye gemu, msaka vipaji, hata mchungaji aliyesema nikuache ukue. Wenye gemu wamejibu kwamba namba zitaangaliwa upya msimu ujao. Msimu ujao! Nimewashinda wote kwa hoja, na wewe hujarudi. Sina hoja nyingine, mwanangu. Nina viatu vyako tu, navipaka mafuta visikakamae.

Rudi. Simama mbele ya goli upige kwa nguvu zako zote, hata ukipaisha. Mpira ukienda korongoni, wewe kaa. Nitaushukia mimi, kwa magoti haya haya.

Nakungoja uwanjani,
Baba yako