Friji Linalonusa Kimchi

Bo-ram, shoga, mbona hupokei simu? Basi soma.

Lile friji jipya la kimchi alilonunua mume wangu Gyu-won linanusa chakula na kusema. Leo mama mkwe kaingia na ndoo ya kimchi, kabichi ya pilipili aliyoichachusha mwenyewe, kama kila Novemba.

Mimi roho juu juu. Unajua ya mwaka jana niliitupa, nikajaza ya dukani, na ndiyo imo frijini. Nikasema leo naumbuka.

Mama kaiweka ndoo ndani. Friji likanusa. Likasema, sauti tamu kabisa: "Hii ni kimchi ya kiwandani."

Nikajua ni ile yangu. Nikaanza kuungama:

"Mama, nisamehe..."

Likarudia: "Ndoo mpya. Kimchi ya kiwandani."

Ndoo MPYA, Bo-ram! Ya kwake! Ile ambayo mume wangu huila amefumba macho, eti hakuna mkono kama wa mama!

Mama kanishika mkono. Wake baridi kama barafu. "Mgongo umenikatalia miaka minne sasa, nanunua tu. Gyu-won asijue, mwanangu. Nakuomba."

Nikamwapia.

Friji likamalizia: "Taarifa imetumwa kwa Gyu-won."

Sasa tumekaa sakafuni wawili, bega kwa bega. Lifti hiyo inapanda, na ni saa ya Gyu-won kurudi.