Safari ya Tsavo Uliyoipanga Wewe

Kwako dada yangu Mwende,

Tulienda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Tulienda Tsavo, mimi na Mama, na lile gari dogo la kijani ulilokuwa umelichagua, na tukarudi salama. Halikupata hata mkwaruzo.

Mtu mwingine angekuandikia akilia. Mimi sina machozi. Tangu uende niko kama mdomo uliodungwa sindano na daktari wa meno: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Nakula. Nashona. Wateja wakinisalimia hapa Kawangware, "Mambo, Mbithe," nawajibu, "Poa." Napima suruali za watoto wa shule na sikosei hata inchi moja. Kwa hiyo nitakueleza hivyo hivyo nilivyo, ujue mambo yalivyokwenda.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo kule Mashimoni, Kibera, majirani wakimuuliza Mama kwa nini alitoka Kitui? Kila mtu kwenye ile ploti ya vyumba vya kupanga alikuwa na sababu yake ya kuja Nairobi, na nyingi zilikuwa kazi. Mama alikuwa akisema tu, "Ndovu walitufukuza," na watu wanacheka. Yeye hacheki, anaendelea kupepeta maharagwe yake. Mimi nilizaliwa huko huko Kibera, sikuona chochote. Wewe ulikuwa na miaka minne, na ulibaki na kitu kimoja tu kichwani, ambacho ulinisimulia mara nyingi tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. Kumekaribia kupambazuka, ghala la mahindi linavunjwa huko nje, na kiganja cha Mama kimekuziba mdomo usije ukalia. Ulisema kiganja kilinuka moshi. Baba alikuwa amepiga madebe mpaka sauti yake mwenyewe ikakauka. Baada ya misimu mitatu ya kupandia ndovu, akaja Nairobi, mkamfuata. Yeye hakuishi sana. Shamba likabaki jina.

Halafu ukapata kazi ya kuosha magari kwenye ile yadi karibu na Ngong Road, wanakokodishia wageni magari wajiendeshee wenyewe mbugani. Miaka kumi ukiwa na mpira wa maji na gambuti zako. Ulikuwa ukirudi unaniambia, "Hili vumbi jeupe ni Amboseli. Matope meusi ni Mara. Hii nyekundu haitoki hata ukisugua, hii ni Tsavo." Ulikuwa ukiokota vitu chini ya viti, ramani zilizokunjwa vibaya, unyoya, mara moja mwiba mrefu kama sindano yangu ya godoro. Ulijifunza kuendesha ukisogeza magari humo ndani ya yadi, sentimita kwa sentimita, mpaka bosi wako akakulipia masomo ya leseni mwenyewe.

Siku uliyokuja na wazo lako nilikuwa kwa Mama, Jumapili baada ya kanisa. Uliketi kwenye kindoo ukatoa daftari. Bosi alikuwa amekuahidi gari kwa siku mbili, mwanzoni mwa mwezi wa sita, mvua zikiisha na wageni hawajaanza kuja. Ukasema tunaenda Tsavo sisi watatu, bila kampuni, bila dereva wa watu.

"Kufanya nini?" Mama akauliza.

"Kuwaona ndovu, Mama."

"Niende nilipe kiingilio kumwona mwizi wangu?"

Tulicheka sana mimi na wewe. Mama hakucheka. Lakini uliendelea, Jumapili baada ya Jumapili, ukisoma daftari kwa sauti kana kwamba amekubali. Tutatoka saa kumi na moja alfajiri. Mafuta tutajaza Emali, tuongeze tena Voi kabla ya kuingia. Tiketi inalipwa kwa simu, getini hawashiki pesa. Gurudumu la akiba likaguliwe kwa mkono, si kwa macho. Mtungi wa maji lita ishirini. Chapati, mayai ya kuchemsha, na chumvi kwenye karatasi. Hakuna kushuka kwenye gari. Ndovu akitanua masikio, rudi nyuma polepole, usipige honi, barabara ni yake.

"Hata shamba langu lilikuwa lake?" Mama akasema, akiwa amekupa mgongo.

Ulifunga daftari. Kisha ukamwambia, "Hilo ndilo nataka tukamuulize."

Na ukaniburuta mimi mpaka shule ya udereva hapa Kawangware, kwa sababu ulisema safari ndefu haifai kuwa na dereva mmoja. Nilianguka mtihani mara ya kwanza, nikapita ya pili. Jumamosi ulikuwa ukinipeleka yadi ukiniwekea ndoo mbili nyuma ya gari nipite katikati kinyumenyume. Niligonga ndoo zile mpaka zikapasuka. Ulikuwa umesimama hapo na gambuti, mikono kiunoni, ukisema, "Tena, siz. Tena." Sikuwahi kukuona una furaha vile, na sikukwambia. Nilidhani nitakwambia tukifika.

Ulianguka asubuhi ya Jumatatu, mpira wa maji ukiwa bado mkononi. Wenzako walisema ulilalamika kichwa kinauma, ukakaa chini ukiegemea gurudumu, na hukuinuka. Hospitalini daktari alituambia ni mshipa umepasuka kichwani kwa sababu ya presha. Presha gani? Hakuna aliyejua una presha, hata wewe. Siku ya pili jioni ukaenda. Nilikuwa nimekushika mguu, kwa sababu upande wa kichwa ulijaa mashine.

Halafu likaja swali la kukuzika. Watu wa kanisa waliuliza, "Nyumbani ni wapi?" Mimi nikamtazama Mama, Mama akatazama sakafu. Miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyekanyaga kule. Hatukujua hata kama shamba bado ni letu. Tukakuzika Lang'ata, kwenye safu ndefu ya watu tusiowajua. Niliona udongo ukiingia nikawa nafikiria upindo wa gauni la mwanamke aliyesimama mbele yangu, jinsi ulivyoshonwa vibaya. Ndiyo siku ganzi ilianza, nadhani.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumpelekea Mama unga. Alikuwa ameketi mlangoni. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Ile gari ya dada yako bado ipo?"

Nikamwambia bosi alisema ahadi ni ahadi, gari ni letu tukilitaka.

"Basi twende," akasema. Akaingia ndani.

Tulitoka alfajiri ya Ijumaa. Nilifuata daftari lako kama mtu anayefuata kipimo cha mteja, mstari kwa mstari. Emali nikajaza mafuta. Gurudumu la akiba nikalikagua kwa mkono. Mama alikuwa amevaa ile kofia yako ya sufi ya zambarau na alikaa wima njia nzima, mkoba mapajani, kama mtu aliyeitwa na chifu. Hakula chapati mpaka Voi.

Getini, askari wa mbuga aliangalia tiketi kwenye simu yangu, akaangalia viti vya nyuma.

"Dereva yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Na mmetoka wapi?"

"Kibera," Mama akajibu kabla yangu. "Na kabla ya hapo, upande wa pili wa hii mbuga yenu."

Askari alikuwa mtu mzima. Alimtazama Mama, akavua kofia yake na kusema, "Karibu, Mama." Akainua kizuizi.

Mpaka jioni hatukuona ndovu hata mmoja. Tuliona pundamilia, swala, na twiga aliyesimama akitutazama mpaka nikaona aibu. Nilijua ni vitu vizuri. Nilijua vile unavyojua jina la mtu ambaye humkumbuki sura. Tulilala kwenye gesti mjini Voi, Mama akiwa ameelekea ukutani.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa ndani tena. Tulipokunja kona moja karibu na bwawa, walikuwa pale, barabarani, labda kumi na wawili. Ni wekundu kweli, Mwende, wekundu kama ile rangi uliyokuwa ukishindwa kuitoa kwenye magari. Mmoja mkubwa, jike mwenye mtoto chini ya tumbo, alitugeukia na kutanua masikio. Nikarudi nyuma. Polepole, mkono mmoja kwenye kiti cha Mama, shingo nimeigeuza, moja kwa moja bila kuyumba. Mikono yangu ilijua kazi. Mimi nilikuwa mahali pengine nikiitazama.

"Hapa panatosha," Mama akasema. "Simama."

Nikasimama, injini ikinguruma. Akateremsha kioo kiasi cha vidole viwili. Nilimwambia afunge, hakunisikia. Akaanza kuongea Kikamba, sauti ya kawaida tu, kama anavyoongea na mama wa maji pale kioskini. Alimwambia yule ndovu kwamba alikuwa na mtoto. Kwamba ni yule ambaye yeye Mama alimziba mdomo ili ndovu wasimsikie. Kwamba mtoto yule alikua, akafanya kazi, akaosha udongo wao kwenye magari ya watu, akataka kuja kuwaona. "Hakufika," akasema. "Nimekuja mimi. Sikutaka kuja." Kisha akalitaja jina lako, mara moja, na jina la Baba, na akafunga kioo.

Ndovu alisimama. Sijui alisikia nini. Mtoto wake alikuwa anavuta nyasi asizoweza kuzing'oa. Baada ya muda masikio yakashuka, wakavuka wote, na barabara ikabaki tupu. Mama akavua kofia yako, akaiweka mapajani. Nilitaka kumshika. Nikaangalia geji ya mafuta badala yake, nikaona iko nusu, nikasema, "Iko nusu." Akasema, "Haya."

Sasa nakwambia lililonifanya niandike barua hii.

Tukirudi, tulifika Kibwezi saa nane. Kuna barabara inayokata kulia, ina lami siku hizi. Mama alisoma kibao kwa sauti, polepole, akifuata herufi. Kitui.

"Hii ndiyo ya kwetu?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

Hakuniambia nikate. Lakini alikuwa ameshageuza uso wote upande ule, na aliushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Nami nilikuwa na gari la watu la kurudishwa kabla ya saa kumi na mbili. Daftari lako halikuwa na Kitui. Nikapita. Mwende, nilipita. Nilimwona akigeuza shingo kuifuata ile barabara mpaka ikaisha kwenye kioo cha nyuma, na sikupunguza hata mwendo. Kama ungekuwa wewe kwenye usukani, ungekata bila kuuliza mtu, ungempigia bosi simu ukiwa tayari njiani. Nikaendelea mpaka Sultan Hamud. Hapo Mama akaniomba maji.

Nililirudisha gari. Bosi wako aliuliza safari ilikuwaje, nikasema nzuri. Akasema, "Angefurahi." Nikasema ndiyo.

Jumapili iliyopita Mama alinisubiri baada ya kanisa. Alikuwa ameshaulizia mwenyewe: kuna mama mmoja wa Laini Saba, huko huko Kibera, muuza mboga, ambaye kaka yake bado anaishi kule kwetu. Kaka huyo amesema kwenye simu kwamba shamba lipo. Hakuna aliyelikalia. Siku hizi kuna ua wa umeme umewekwa upande ule, na ndovu wanapita mara mojamoja tu. Mwembe wa Baba ulikatwa, msingi wa nyumba bado unaonekana. Mama amesema tutakwenda Ijumaa, kwa basi. Kisha akasema jambo jingine, bila kubadilisha sauti, akinisaidia kukunja shuka.

"Nataka kuuliza kwa chifu kama mtu anaweza kuhamishwa."

"Mtu gani, Mama?"

"Unajua mtu gani."

Tuliendelea kukunja. Kona kwa kona. Sijui wewe ungependa nini. Wewe ni mtu wa Mashimoni. Marafiki zako wote wako hapa, na kule unachokumbuka ni kiganja na hofu. Pengine Lang'ata inakutosha, hata na wale majirani tusiowajua. Au pengine hata zile Jumapili zote na daftari lako hukuwa unapanga kuona wanyama, ulikuwa unatafuta njia ya kumrudisha Mama nyumbani, na mimi peke yangu ndiye sikuelewa.

Nitakwenda naye Ijumaa. Nimewaambia wateja kibanda kitafungwa, sare zao zitangoja. Akisimama kwenye ule msingi na kuniuliza mahali pazuri pa kukulaza ni wapi, itabidi nimwonyeshe kwa kidole. Nitamwonyesha penye kivuli cha asubuhi, kwa sababu hukupenda jua la kuamkia. Hilo angalau nalijua.

Kaa salama huko uliko, mpaka tuje kukuchukua au mpaka tukuache upumzike.

Mdogo wako wa kitanda kimoja,
Mbithe