Mitaro ya Mji Usio na Mfalme

Jumatatu, 3 Februari

Nimezibua choo cha nyumba ya wageni kule Rahaleo. Matambara, kama kawaida. Nikaoga mara mbili, nikawahi darasa la watu wazima la saa kumi. Miaka hamsini na mbili, magoti yanagonga dawati. Nimezoea.

Leo historia. Mji wa kale wa bonde la mto Indus. Je, ulikuwa ustaarabu? Mwalimu Halima kaandika ubaoni dalili za ustaarabu: mfalme, hekalu, maandishi yanayosomeka. Mji ule ikulu haijaonekana, hekalu halijaonekana, na alama zake hakuna aliyeweza kuzisoma. Basi ulikuwa mji mkubwa tu. Nakilini, kasema.

Sikunakili. Kitabuni kuna picha ya mtaro wa matofali ya kuchoma, umefunikwa, unapita nyumba kwa nyumba, na chemba zake za kukagulia. Zaidi ya miaka elfu nne. Nimeitazama mpaka kipindi kikaisha.

Jumatano, 5 Februari

Nimenyoosha mkono. Nikasema waliojenga mtaro ule ni wastaarabu kuliko sisi wote humu. Wenzangu wakacheka. Mwalimu akajibu kwa upole, "Baba, mtihani hauulizi mitaro."

Ni mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Simchukii. Lakini kakosea. Ikulu ni rahisi: mmoja anaamuru, wengine wanabeba. Mtaro ni kazi nyingine. Wa juu akiharibu mteremko, wa chini analala na uchafu. Lazima watu wakubaliane.

Ijumaa, 7 Februari

Jaribio ni tarehe kumi na saba. Asiyefikisha nusu ya alama haendelei muhula ujao. Bila cheti cha kidato cha nne sitakuwa msimamizi wa mafundi bomba, na nimeshapitwa mara mbili na vijana niliowafundisha kushika pimamaji. Nakitaka cheti hicho. Naogopa pia.

Jumapili, 9 Februari

Mvua kubwa. Mtaa wetu hapa Magomeni umegeuka bwawa. Nyumba saba, kila mmoja anasukumia maji yake kwa jirani.

Nimepata wazo. Tuchimbe mtaro mmoja, nyumba saba, hadi bondeni. Nitamwonyesha mwalimu. Nimeanza kwa mwenye nyumba ya juu kabisa, mwenye duka. Kakubali. Wa pili kakubali. Nimelala na furaha.

Jumatano, 12 Februari

Sita wamekubali. Bi Felismina, wa mwisho kule chini, kakataa. Ni Mmakonde, ukoo wake ulivuka Ruvuma zamani, na mimi Mmakua, kwa hiyo ni mtani wangu na hanionei haya. "Mmakua wewe," kasema, "umewauliza wote wanaotaka kuniletea maji, mimi ninayeyapokea nimekuwa wa saba. Nenda kachimbe kwenu Masasi."

Nimekasirika. Nimesema ni mkaidi. Wale sita nao wakaanza kusitasita. Mwenye duka kasema tungoje kiangazi. Mambo yameishia hapo.

Jumatatu, 17 Februari

Swali la nne: mji wa bonde la Indus ulikuwa ustaarabu? Eleza.

Nilijua jibu linalotakiwa. Mistari mitano tu, nimalize, nipite. Mkono ulikataa. Nikaandika: ndiyo, ulikuwa. Nikaandika kwamba mtaani kwetu tuna serikali, tuna shule, tuna msikiti na kanisa, barua tunazisoma, na nyumba saba zimeshindwa mtaro mmoja. Wao waliweza mji mzima. Asiyeuona ustaarabu huo hajawahi kukanyaga maji ya jirani.

Sijutii hata neno moja.

Alhamisi, 20 Februari

Sifuri swali la nne. Nimekosa nusu kwa alama nne.

Mwalimu kaniita pembeni. Kanipa karatasi tupu, nilirudie swali hilo peke yake, kwa kufuata nukuu zake. Kanionea huruma, najua, na angeweza kulaumiwa. Nikakaa, nikaandika jibu lilelile. Nikaongeza jambo moja nililolikumbuka nikiwa nimeshika kalamu: mtaro huanzwa chini, kule maji yanakoishia, ndipo unapanda. Kila fundi anajua. Kwa hiyo mji ule lazima ulianza kwa kumsikiliza mtu wa chini.

Mwalimu kasoma akiwa amesimama. Kasoma tena. "Siwezi kukupa alama, baba," kasema. Sauti yake haikuwa ya kugomba. Nikamshukuru nikaondoka.

Naumia. Sidanganyi. Lakini mwenye kosa la Magomeni ni mimi. Miaka thelathini naanza mabomba chini, nikaja kwa watu nikaanzia juu.

Jumamosi, 22 Februari

Asubuhi nimekwenda kwa Bi Felismina. Nimemwomba radhi kwanza. Kanicheka kwa muda mrefu, ana haki. Kisha nikamuuliza maji angependa yapite wapi. Akanionyesha: nyuma ya mihogo yake, mbali na mlango, hadi bondeni. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tukaanza palepale. Yeye kashika ncha ya kamba ya kupimia, mimi nikachimba. Mita tisa mpaka adhuhuri. Tukamwaga ndoo moja, maji yakaenda yenyewe bila kusimama.

Mwenye nyumba ya sita alikuwa anatutazama. Kesho nitapanda hadi kwake.