Pembe Iliyolia Kwenye Sinema

Jumatatu, 3 Februari 1975. Mugumu.

Nimeiba ng'ombe wale wale tangu asubuhi. Kila nikifika mtoni mwongozaji anasema turudie. Ng'ombe wenyewe wamenizoea, wanatangulia njiani kabla sijawaswaga.

Nilikuja kupiga litungu tu, kinanda chetu cha nyuzi. Mtu wa Dar aliyeletwa kuwa mwizi kapata malaria. Mwongozaji akanitazama, akasema sura yangu inafaa. Sikujua nifurahi au nikasirike.

Hii ni picha yangu ya tatu. Ya kwanza vilionekana vidole vyangu peke yake. Ya pili sikuonekana kabisa, litungu lilisikika huku mtu akichimba choo. Nyumbani watu wananijua kwa harusi na kwa darasa la elimu ya watu wazima. Habari za sinema wanaona ni porojo zangu.

Hadithi ni hii: mwizi wa ng'ombe anakimbizwa, anakamatwa, anatubu, anajiunga na kijiji cha ujamaa. Mwisho anacheka, jembe begani. Nilicheka asubuhi, kabla ya kuiba.

Jumatano, 5 Februari

Mwongozaji anataka pembe. Kasikia mahali kwamba kwetu ng'ombe wakiibwa hupigwa pembe ya tandala. Anaitaka pale mwizi anapovuka mto. Fundi sauti kashaipata pembe, sijui wapi. Nimesema siwezi. Kauliza kama sijui kupiga.

Najua. Ndiyo shida.

Pembe ile haichezewi. Ikilia, kila mwanaume anayeweza kusimama anatoka na upinde. Awe anakula, awe ana homa, awe amegombana na mwenye ng'ombe. Asiyetoka anatengwa. Hapewi moto, hakopeshwi jembe, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Na anayeipiga bure ni mbaya kuliko asiyetoka. Sijawahi kumwona mtu aliyeipiga bure.

Mwongozaji hana hasira. Anasema hapa si Tarime, hapa ni pori, watu wa huku ni Waikoma na Wanata, nani ataisikia? Anasema ni kazi ya taifa, ndugu Marwa. Nimeomba nifikirie mpaka kesho. Naogopa, na naona aibu kuogopa mbele ya watu wenye mitambo.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepiga. Kama inavyopigwa: moja ndefu, halafu fupi fupi mpaka pumzi iishe. Fundi sauti kafurahi. Mwongozaji kasema nywele zimemsimama. Tukaanza kufunga vyombo.

Ndipo akatokea mzee. Alikuwa anakimbia kutoka upande ambao hatukuona nyumba hata moja. Upinde mkononi, shati halina kifungo kilichofungwa. Vijana wake walikuwa nyuma kwa mbali, wamezidiwa na baba yao. Mtu wa kwetu. Alihamia huku siku nyingi kufuata malisho.

Akatazama magari. Akatazama ng'ombe, wametulia wanakula majani. Akatazama pembe mkononi mwangu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alivuta pumzi kwanza.

"Umeniita, nimekuja," alisema kwa Kikurya, taratibu. "Siku nyingine ukiniita, nitajuaje?"

Akageuka na vijana wake, wakaondoka kwa miguu ya kuchoka. Mwongozaji kaniuliza mzee kasema nini. Nimemwambia anatusalimu.

Jumatatu, 10 Februari. Nyarero.

Nyumbani. Nimemsimulia mke wangu Ghati jinsi ng'ombe walivyokuwa wanajiiba wenyewe, akacheka mpaka akakaa chini. Pembe sikuitaja.

Picha zile mbili hazikufika kwetu kamwe. Zinaonyeshwa Dar, labda na Ulaya. Hii nayo itabaki huko. Nimejituliza kwa hilo. Uzi mmoja wa litungu umekatika, nimeloweka mshipa mpya.

Jumatatu, 14 Julai

Katibu kata kaingia darasani jioni hii, kasimama mbele ya ubao wangu. Jumamosi gari la sinema linakuja. Picha ya mwizi wa ng'ombe. Na mwizi mwenyewe, kasema, mnaye hapa anawafundisha kusoma. Wamepiga makofi. Mama mmoja kaniuliza kama nitawarudishia ng'ombe wao. Nimecheka nao. Chaki ilikuwa imenikatikia mkononi.

Hawajui. Gari lile lina vipaza sauti juu ya paa. Lilipokuja mwaka jana na picha ya kipindupindu, ng'ambo ya mto walisikia kila neno. Jumamosi pembe italia giza likiwa limeingia. Watashuka kutoka kila kilima, mpaka kule Itiryo, mishale mkononi, na watakuta umati umekaa gizani. Nani atauliza maswali kwanza? Mtu atakufa. Huenda wengi. Na mwizi nitakuwa mimi, uso mkubwa kuliko nyumba.

Sili. Ghati anadhani nina malaria.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kwa mzee Wambura. Ndiye anayeita ritongo, mkutano wa wanaume wote, na ndiye husema nani atengwe. Nimemweleza yote. Nilijiona mtoto aliyevunja chungu.

Mzee akauliza kama niliipiga vizuri. Nikasema ndiyo. Akauliza tena kama niliipiga sawasawa na ya kweli. Nikasema ndiyo, mzee. Kasema hilo ndilo baya.

Lakini hakunitenga. Kasema hapa hakuna haja ya kelele. Vijana watumwe kila kilima, na itangazwe mnadani kesho: Jumamosi jioni, pembe itakayosikika ni ya sinema. Asitoke mtu na upinde. Mzee mwenyewe atakaa mstari wa mbele.

Nilitoka pale mwepesi kabisa. Nimekula ugali wa watu wawili.

Sasa ni jioni na uzito umerudi. Mnadani wanafika wote. Wenye ng'ombe, wachinjaji, na wale ambao hawanunui ila ng'ombe wanao. Nao watasikia kwamba Jumamosi pembe haina maana.

Jana niliogopa watakuja. Leo naogopa hawatakuja.

Ijumaa, 18 Julai

Gari limefika. Nimemwomba mwendeshaji wa sinema azime sauti pale mwizi anapovuka mto, nipige litungu mwenyewe mahali pale. Kijana mpole wa Tanga. Kasema picha ni mali ya serikali, hawezi kuichezea, lakini kushusha sauti kidogo atashusha. Kidogo ni kiasi gani? Kaniangalia kama mtu anayedai sana.

Nikarudi kwa mzee Wambura, nikamwambia habari ya mnada na wezi. Kasema neno lake limeshafika Itiryo, halirudi. Kila boma liache mtu wa kulinda, basi.

Chacha kapita jioni kuchukua chumvi. Ni kaka yake Ghati. Tulipohamishiwa hapa kijijini, ng'ombe wake walibaki ng'ambo, kwenye mahame yetu, kwa sababu malisho ya huku hayatoshi. Analala nao huko, na pembe yake ukutani. Nilimsihi awavushe ng'ombe huku kesho, angalau siku moja. Kacheka.

"Shemeji, mwizi ninayemjua mimi kesho atakuwa kwenye shuka la sinema," kasema. "Nimuogope nani mwingine?"

Katia chumvi begani, kaondoka anapiga mluzi wimbo wangu.

Jumapili, 20 Julai

Sijalala. Niandike hivyo hivyo.

Uwanja ulijaa. Wazee mbele, watoto chini, kina mama na vigoda vyao. Ghati alikuwa pembeni yangu, amevaa kitenge cha harusi. Kila niliponyata kwenye shuka watu waliangua kicheko na kunigeukia. Sikuwa natazama. Nilikuwa nasubiri mto.

Mto ulikuwa bado. Ilikuwa ile sehemu mwizi anakaa peke yake juu ya jiwe, na litungu linapigwa. Litungu tu. Nililipiga mimi, nalijua kila uzi. Ndani yake nikasikia pembe.

Mbali. Ndefu, halafu fupi fupi.

Mzee Wambura hakugeuka. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wameambiwa, wakatii. Mtu nyuma yangu alisema, haya, ndiyo hiyo pembe ya Marwa, na wengine wakaguna kwa kusifu.

Pale kwenye picha hapana pembe. Nilisimama nikasema, si yangu, hiyo si yangu. Walicheka. Nikakimbia mbele, nikasimama kwenye mwanga, kivuli changu kikaziba shuka. Nikapiga kelele kwamba ni ya kweli. Wakacheka zaidi. Watoto wakaimba mwizi, mwizi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, mwizi katoka kwenye picha. Hata Ghati alikuwa anacheka, nilimwona, kafunika mdomo kwa kitenge. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Nilikuwa nasema kweli na kila neno linazidi kuwafurahisha.

Nikaenda kwenye jenereta. Yule kijana wa Tanga alinishika shati. Nikang'oa waya.

Giza. Kelele za kulalamika. Jenereta likakohoa, likafa. Kicheko kikapungua, kikakoma.

Pembe ikaendelea.

Halafu mzee Wambura akasimama, mzee wa fimbo, akaanza kukimbia. Hapo ndipo wote tulipokimbia. Wengine hawakuwa na upinde, walikuwa wamekuja kutazama sinema. Tulivunja matawi njiani. Kabla hatujafika mtoni pembe ilinyamaza.

Boma lilikuwa wazi. Ng'ombe hakuna. Chacha alikuwa amekaa ameegemea mlango wa zizi, mkuki umempita paja, damu imejaa mchangani. Pembe ilikuwa mapajani. Midomo yake imepasuka kwa kupiga.

Ghati alifika akamfunga paja kwa kile kitenge. Chacha alimtazama dada yake, akatutazama sisi, tuko wengi, tumemzunguka tunahema.

"Mlinisikia?" aliuliza.

Tulinyamaza. Wanaume wote wale. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Tulikusikia," alisema Ghati.

Chacha akaitikia kwa kichwa. Vijana wakafuata nyayo kuelekea mpakani. Sisi tukambeba kwenye machela mpaka kwenye gari la sinema. Kijana wa Tanga alikunja shuka lake, akatupeleka hospitali Tarime.

Jumanne, 22 Julai

Ng'ombe wachache wamerudishwa, wale waliochoka njiani. Wengine wamevuka mpaka. Paja la Chacha limeshonwa. Daktari anasema atatembea, lakini si kama zamani.

Ritongo imekaa leo. Nilikwenda nimejiandaa kutengwa. Nilimwambia Ghati asubuhi aazime moto mapema, asije akanyimwa baadaye. Tangu Jumamosi anaongea na mimi kwa mambo ya maji na kuni tu.

Hawakunitenga. Mzee Wambura alisema, kama ni kutengwa, basi tutengwe wote, na nani atabaki wa kutunyima moto? Hawakunitaja hata jina. Nilitamani wanitaje. Walikaa, wanaume wazima, kila mtu anachora chini kwa kijiti. Halafu wakatawanyika.

Alhamisi, 28 Agosti

Mvua jana na leo. Litungu liko ukutani, nyuzi nimezilegeza. Watu wa sinema wameleta salamu kwamba wanataka kupiga picha nyingine huko Iringa, ya wakulima wa chai, nikatie muziki. Sijajibu.

Nilikwenda kumwona Chacha. Anatembea na mkongojo. Tuliongea habari za mahindi. Kanipa maziwa, nikanywa. Pembe yake iko pale pale ukutani. Ghati kaanza kucheka tena kidogo, si kwa ninayosema mimi.

Jana jioni nilikuwa darasani. Tulikuwa tunasoma somo la mbolea. Pembe ikalia ng'ambo. Ndefu, halafu fupi fupi.

Zamani kalamu zingeanguka na darasa lingebaki tupu. Jana walikaa. Wanaume wenye nguvu, mikono juu ya madaftari. Hawakutazama mlango wala hawakutazamana. Walinitazama mimi usoni, niwaambie kama ni ya kweli.

Nikatoka mbio, bila viatu, chaki mkononi. Nilifika kwenye mkuyu ndipo nikasikia miguu yao nyuma yangu.

Ng'ombe waliokolewa wote. Leo nimekisogeza kitanda chetu karibu na mlango. Ghati alinisaidia kukibeba, hakuuliza kwa nini.