Mstari Wako Umefika Sokoni Baraka

Baraka, tarehe 19 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Bienfait,

Habari za Bruseli? Baridi imepungua? Kifua kimepona, au bado unakohoa ukimaliza kuimba? Sisi tuko wazima. Mama anatembea sasa bila fimbo. Mvua imezidi, barabara ya Lweba imekatika tena, lakini samaki wanapatikana.

Nianze na jema. Mahojiano yako na redio ya huko tuliyasikiliza sote kwenye simu ya jirani yetu Jérémie. Uliposema kwamba wazungu wanahamisha mikoba yao ukikaa karibu nao kwenye treni, kwa sababu tu wewe ni mweusi, Mama alifunika uso. Uliposema kwamba umewahi kulia peke yako, wewe mwanaume na mwanamuziki mkubwa, nami nililia. Kisha ukasema kwamba mtu mwenye maikrofoni ana wajibu, maneno yake yanaweza kuumiza watu asiowaona. Nilijivuna. Darasani niliwaambia wanafunzi: huyo ni mdogo wangu.

Siku nne baadaye hasira ilinishika, na bado haijatoka.

Unamkumbuka Nyirabahire, yule mama wa kutoka Minembwe, kule milimani, anayeuza maharagi? Ulikunywa maziwa kwake ulipokuwa mtoto. Mwaka jana, Mama aliposhindwa kuinuka, ni yeye aliyekuwa akimwogesha nikiwa kazini. Basi Alhamisi vijana walikuja sokoni na spika juu ya pikipiki, wakipiga wimbo wako wa kwanza. Walipofika kwenye meza yake wakauimba ule mstari usoni pake, ule unaowaita watu wa milimani wageni na kuwaambia warudi walikotoka. Wakamwaga maharagi yake topeni. Mmoja akamsukuma. Akaanguka, mkono ukavunjika.

Nilipiga kelele: "Mumuache! Hamuna haya?"

Yule aliyemsukuma akanicheka. "Mwalimu, hii ni muziki ya mudogo yako. Muulize yeye."

Niliambiwa hayo, Bienfait, mbele ya soko zima! Nikamwinua Nyirabahire, nikampeleka hospitali.

Alipokuwa akifungwa mkono, Nyirabahire aliniuliza polepole: "Ni Bienfait alisema vile? Bienfait yetu?"

Nilikupigia jioni ile. Ukanijibu: "Yaya, ile ni ya zamani. Ni muziki tu." Ukakata simu. Muziki tu! Redioni maneno yana uzito, lakini kwa yaya wako, dada yako mkubwa, ni muziki tu? Mzungu akikuambia urudi kwenu, huo ni ubaguzi. Wewe ukimwambia Nyirabahire arudi kwao, huo ni nini? Usinifanye mjinga. Ndiyo sababu naandika: barua huwezi kuikata.

Jumatatu iliyofuata, baada ya masomo, nilimsindikiza Nyirabahire sokoni, nikaketi kando yake. Vijana wakarudi na spika yao. Nikasimama, nikawaambia: "Ule mustari ni wa uongo. Mudogo yangu alikosa. Ni mimi yaya yake ninasema." Walinitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Lakini mmoja wao, Wilfried, niliyemfundisha mwenyewe kusoma, alinyoosha mkono akazima spika. Wakaondoka. Tangu siku hiyo, kila nikitoka shuleni nakwenda kuketi pale.

Ila sauti yangu inaishia mwisho wa soko. Yako inafika Fizi, inafika mpaka Minembwe. Sema mwenyewe, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha kuwafurahisha wanahabari, kwamba ulikosa. Sitaki sababu, sitaki maelezo marefu. Huo ndio wajibu uliousema, na hakuna mtu mwingine wa kuubeba.

Mama anakusalimu, pamoja na binti yangu Divine na shangazi Constance. Nyirabahire nilimuuliza kama ana salamu kwako. Aliendelea kuchambua maharagi kwa mkono mmoja, kisha akasema: "Yeye ndiye atanisalimia kwanza."

Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kufungua kinywa.

Yaya wako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Godelieve