Siku Wanawake Walipotawala Tovuti ya Mji

Jumanne, 24 Januari 2023

Nimekataliwa tena! Mara ya tatu hii. Ukurasa nilioandaa wa takwimu za maji uko tayari kabisa, umebaki kubonyezwa tu uingie kwenye tovuti ya mji. Kila ndoo mia tunazovuta kisimani, arobaini na tatu zinapotelea kwenye mabomba mabovu chini ya barabara. Arobaini na tatu! Na kiangazi kilichopita Meya Lahoz alisimama uwanjani akasema maji yanaisha kwa sababu wanawake wanaosha nyua kupita kiasi. Akamtaja Shangazi Herminia wa duka la mikate kwa jina, mbele ya umati uliotoka misani. Tangu siku ile mama wa watu haoshi hata kizingiti.

Meya anasema: binti, mji wa watu mia sita, nani atasoma? Mkoa umeshatuma barua mbili kutuhimiza tutangaze. Moja ameiweka chini ya kikombe chake cha kahawa.

Mkataba wangu wa kazi hapa ofisi ya mji unaisha mwisho wa Februari na kalamu ya kuuongeza ni yake. Nimerudi mezani kwangu. Lakini ninachemka!

Jumatatu, 30 Januari

Torrelobar wametoka gazetini! Jirani zetu, wapinzani wetu wa tangu enzi za mababu. Wameweka takwimu za taka zao na umeme wao mtandaoni, na meya wao, mwanamama Azucena, amepigwa picha ukurasa mzima.

Lahoz kaingia na gazeti mkononi, uso umemvimba. Torrelobar! Watu ambao hata saa ya kanisa lao haisemi kweli! Anataka nasi tuwe na ukurasa kabla ya uchaguzi wa Mei. Nusura nimkumbatie. Kisha akaongeza: weka taa za jua za bustani. Na miti. Maji achana nayo.

Barua za mkoa hazikumtikisa, wivu umemwamsha kwa siku moja tu. Na bado anataka kupaka rangi ukuta uliooza!

Nimemwambia Shangazi Herminia kila kitu. (Siri hainikai, najijua.) Alikuwa anakanda unga, akauacha. Halafu: "Kumbe hayo maji wanakunywa panya, na mimi nikaaibishwa kwa ndoo moja?" Akajifuta mikono, akanikumbusha kwamba Jumapili ni siku ya Mtakatifu Águeda, wanawake wanapotawala mji kwa siku moja, na mwaka huu fimbo ya umeya anapewa yeye. Akacheka peke yake. Nimeogopa kidogo!

Jumapili, 5 Februari



Baada ya misa Lahoz akamkabidhi Shangazi fimbo na kofia, kama desturi. Kisha Shangazi akampa karatasi ya amri za siku hiyo asaini. Kila mwaka amri ni zilezile na kila mwaka yeye anasaini kwanza, anasikiliza baadaye, glasi ya divai mkononi. Leo pia — akasaini bila kusoma hata mstari!

Shangazi akasoma. Ya kwanza: wanaume waoshe masufuria yote. Kicheko. Ya pili: meya acheze na kila mjane. Kicheko zaidi. Ya tatu: ukurasa wa maji utoke leo, mzima, usikatwe hata nukta.

 Halafu wanawake wakalipuka kwa shangwe! Lahoz alidhani ni mzaha, maskini. Akainua glasi: "Amri ni amri, shangazi!"

Mimi huyo mbio ofisini, sketi nimeishika mkononi. Nikabonyeza! Ukatoka! Nikarudi nikala matiti mawili ya Águeda — ile mikate mitamu yenye cheri juu — bila kupumzika.

Jumatatu, 6 Februari

Umefunguliwa mara mia nne kumi na mbili! Hata watoto wetu walioko jijini Zaragoza wanasoma na kuwapigia simu mama zao.

Lahoz kaja saa tatu, mwekundu. Futa. Nikamwonyesha saini yake. Ule ulikuwa mzaha, anasema. Nikamjibu: mbona masufuria uliosha kweli? (Aliosha, tena vizuri.) Akapiga meza. Nifute kwanza, ndipo tuzungumze habari ya mkataba.

Nimeikalia mikono yangu. Sikufuta. Naogopa, na sijawahi kuwa na raha namna hii.

Jumanne, 7 Februari

Ajabu! Simu kutoka Torrelobar, Azucena mwenyewe. Anauliza tulipimaje maji yanayopotea, wao hawajathubutu. Lahoz akaninyang'anya simu. "Ndiyo, dada yangu. Sisi hapa hatufichi kitu." Hatufichi! 

Ameweka simu chini akiwa ametunisha kifua. Hataki tena nifute. Anataka niongeze picha yake juu kabisa, ile ya tabasamu, na chini yake maneno: kwa amri ya Meya. Picha ipo mezani kwangu sasa hivi. Mkataba umo kwapani mwake, haujasainiwa, na anatazama skrini juu ya bega langu.

Lakini kuna vishindo ngazini. Nasikia sauti ya Shangazi Herminia — na nyuma yake wanawake kama kumi! Anamwuliza bawabu kwa nguvu makabrasha ya maji ya miaka iliyopita yako chumba gani.

Lahoz amenyanyuka kwenda kufunga mlango. Nimemtangulia, nimeufungua.